Beseni la Bluu Lililobaki Maguu

Maguu,
18 Mei 2025

Bibi yangu Winifrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na yule jogoo mkorofi bado hajaingia sufuriani. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza na mume wetu Valence analala na soksi. Usimwambie nimekuambia. Kahawa imeanza kuiva upande wa jua na mama mkwe ameshaanza kuchuma kidogokidogo. Wifi yangu Asteria amepata kazi ya kushona sare za shule pale Mbinga. Wote wanakusalimu. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za kanisa ukanijibu bei ya mihogo, nikaona heri kalamu.

Sasa jambo lenyewe. Fainali ya kombe la vijana mwaka huu itachezwa hapa Maguu, Jumapili ya tarehe kumi Agosti, kwenye uwanja ulio chini ya nyumba yetu. Unaukumbuka, ndipo magari yalipoegeshwa siku ya harusi. Ukikaa uani kwetu unaona goli hadi goli bila kusimama. Valence ndiye golikipa na nahodha, basi ametangaza kwamba ukoo mzima na majirani wataangalia mpira uani kwetu na mke wake atawalisha. Ametangaza hivyo kabla hawajashinda hata nusu fainali, na mke wake alizisikia habari hizo kisimani.

Mama mkwe anasema tupike ugali na maharage, tumemaliza. Lakini mwaka jana kwa jirani yetu Pankras walifanya hivyohivyo. Goli lilipoingia watu waliruka, sahani zikaruka nao, na mzee mmoja alirudi nyumbani na maharage kwenye kofia. Mimi nataka chakula rahisi, mtu akile akiwa amekaa kwenye nyasi, macho yakiwa uwanjani. Najua mambo hayo unayajua wewe.

Na nataka uje mwenyewe. Hujakanyaga Maguu tangu harusi yangu, na Agosti inatimia miaka miwili. Watu wanaanza kuniuliza kama nina kwetu. Najibu kwamba ninapo, ila kuna magoti. Nikikutaja mbele ya mama mkwe anakumbuka ghafla kazi ya kufanya nje, nawe kwenye barua zako humtaji kabisa. Nimechoka kuishi katikati yenu, Bibi. Nataka niwaone mmekaa mkeka mmoja uani kwangu, mnakula.

Mjukuu wako,
Herieth

*

Ngumbo,
8 Juni 2025

Mke mwenzangu Herieth,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka samaki. Cuthbert, huyu binamu yako anayejiita mfanyabiashara, aliitoa soko la Mbinga akaiweka kwenye kapu, kisha akalikalia kapu hadi Ngumbo. Nimeisoma nikiwa nimekaa upande wa upepo. Sisi hatujambo. Bati la kanisa lililong'oka limerudishwa, mtoto wa Hamphrey amebatizwa na akamlilia Padri tangu mwanzo hadi mwisho. Jogoo yupo, ameninyang'anya kiti changu cha barazani. Mpe pole mume wetu kwa baridi. Mwambie akichoka kulala na soksi aje ziwani, huku mke wake mkubwa hajawahi kuhitaji blanketi la pili.

Umeuliza la maana, nitakujibu. Babu yako alipokuwa akitoka na mtumbwi, mkono mmoja ulikuwa wa kasia na mmoja wa kula. Mtu anayeangalia mpira ni hivyohivyo: mkono mmoja una kazi, ni wa kumnyooshea refa kidole. Kwa hiyo kila utakachopika kiwe cha mkono mmoja. Kisidondoshe mchuzi, kisihitaji kunawa kila mara, na kikipoa kiwe bado kitamu.

Anza na mkate wa ndizi. Chukua ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, ponda, changanya na unga wa mahindi na magadi kidogo tu, funga kwenye majani ya mgomba, upike kwa mvuke taratibu. Unaupika Jumamosi. Jumapili unaukata na kukaa chini kuangalia mpira na wewe, maana mwanamke anayeshinda jikoni siku ya fainali amepangiwa vibaya na watu, au amejipangia mwenyewe. Kisha mihogo. Najua huko juu mnaiita chakula cha njaa. Ichemshe, ikate vipande vya urefu wa kidole, ikaange, nyunyizia chumvi, pilipili na ndimu, uiweke kwenye karatasi iliyoviringishwa. Chemsha mayai. Togwa iwe kwenye vikombe vyenye mkono.

Kuhusu maharage ya mama mkwe wako sitasema kitu. Ila kama ni lazima yawepo, yaponde pamoja na viazi na kitunguu, finyanga madonge ya ukubwa wa yai, yachovye kwenye yai lililopigwa, ukaange. Hapo hata maharage yanakuwa na adabu.

Kuhusu kuja, kuna magoti. Halafu kuna kuku analalia mayai, na nikimwacha na huyu jogoo sijui nitakuta nini. Usipa sitatuma, dagaa wetu tutakula wenyewe. Watu wa huko hawali usipa.

Halafu mkumbushe mama mkwe wako beseni langu la bluu, lile lenye ua jekundu katikati. Lilikuja harusini limejaa na sijaliona tena. Simdai. Nakumbusha tu.

Bibi yako,
Winifrida

*

Maguu,
29 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia na vidole vyekundu vya kuchuma kahawa, kwa hiyo ukiona madoa usiseme ni Cuthbert. Tuko wazima. Timu yetu imeshinda nusu fainali, Valence kaokoa penalti na tangu siku hiyo anaingia mlangoni kwa ubavu, kichwa hakipiti. Fainali tutacheza na vijana wa Ngaka, wale wa malori ya makaa. Wanasema watakuja na lori zima la mashabiki, nami nimehesabu mihogo upya.

Nimejaribu mapishi yako. Nilimkalisha mume wetu kwenye stuli, nikampa mpira aukumbatie kwa mkono wa kushoto, nikamwambia ale kwa wa kulia bila kuangalia chini. Mkate wa ndizi alimaliza bila kudondosha punje. Mihogo alimaliza. Mayai yalimshinda kumenya kwa mkono mmoja, basi tutayamenya kabla. Mama mkwe alisimama mlangoni akitutazama. Akasema hivyo si chakula, ni vionjo, na mtu hawezi kutoka kwa watu bila kula ugali.

Kisha nikamletea madonge ya maharage. Akala moja, akauliza nani kanifundisha. Nikasema wewe. Akachukua la pili, akala lote, akasema chumvi haitoshi. Bibi, chumvi ilitosha.

Sasa lile beseni lako. Lipo, sebuleni kwake, juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Linang'aa kuliko siku ulipolileta. Nilimwambia nilishushe nimpe Cuthbert akuletee. Aliniambia beseni hilo halitoki humo ndani kwa mkono wa Cuthbert, akachukua kapu akaenda shambani, na jua lilikuwa linazama.

Mimi sielewi. Asiyekupenda angelitumia kuogeshea watoto. Niambie siku ya harusi kulitokea nini. Ulikaa vizuri, ukaimba, nikaona umefunga kitenge chako kipya, halafu kabla ya keki nikaambiwa watu wa ziwani wameshapanda gari. Nililia kidogo siku ile, nikasema ni moshi.

Herieth

*

Maguu,
20 Julai 2025

Bibi, shikamoo.

Hujanijibu. Kama ni Cuthbert, mwambie namsubiri hapa na mwiko. Kama ni wewe, basi sawa, nitakusubiri wewe bila mwiko. Zimebaki wiki tatu na mama mkwe ameagiza kilo kumi za unga wa ugali.

H.

*

Ngumbo,
27 Julai 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika pamoja. Cuthbert alikuwa anaugulia jino Mbinga, hivyo ndivyo anavyosema, na jino hilo limerudi na shati jipya. Usimpige na mwiko, mwache mpaka amalize kunibebea mzigo niliompa. Kuku ametotoa vifaranga tisa. Jogoo amekuwa baba na bado hajaacha kiti changu.

Mihogo usiikaange mapema sana, inakuwa migumu na wazee watakulaumu wewe badala ya meno yao. Ndimu weka mwisho. Ugali mwache apike, akae nao jikoni. Atakayeutaka atamfuata.

Umeniuliza la harusi. Nilitaka kujibu kwamba nimesahau, lakini huniamini. Usipa ule niliununua alfajiri ulipotoka majini, nikauanika mwenyewe, nikauchambua mmoja mmoja nikitoa mchanga, nikauchoma kwa chumvi na ndimu. Nikaubeba mapajani toka Ngumbo mpaka Maguu, barabara unaijua. Nilimpa mama mkwe wako mkononi. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Nikasema moyoni, hapa mjukuu wangu amefika. Kisha chakula kikapakuliwa. Watu wote uani walikula wali, nyama na ugali. Na kwenye benchi letu sisi wa ziwani akaja binti akatuwekea sahani za ugali na beseni la bluu. Usipa wetu. Wote. Hakuna hata mmoja wa kwao aliyegusa.

Sikugombana na mtu. Nilifunga kitenge changu nikapanda gari. Sina kinyongo chochote, nimelisema hilo hata kwenye jumuiya ya akina mama mara nne.

Kwa hiyo Agosti siji. Nimempa Cuthbert beseni langu jekundu, lina usipa wa mwezi huu wa giza, mzuri kuliko ule. Ni kwa ajili yako, uwape wageni wako kwenye karatasi zilizoviringishwa pamoja na mihogo. Unaliwa kwa mkono mmoja, kichwa na mkia. Utaniandikia nani amekula. Andika kweli.

Bibi yako,
Winifrida

*

Maguu,
17 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza. Mtoe jogoo kwenye kiti ukae.

Watu wote hawajambo. Tumefungwa. Dakika tisini zilikwisha goli moja kwa moja, zikapigwa penalti, na ile ya mwisho ilipita katikati ya miguu ya mume wetu. Anasema jua lilimpiga usoni. Jua lilikuwa nyuma yake. Mfariji kidogo ukiandika, mimi nimeshindwa maana nikimwangalia nacheka.

Chakula kilikwenda vizuri kuliko mpira. Watu walikaa kwenye nyasi na kwenye matuta yanayozunguka mashimo ya ngolo kwenye shamba la juu, maana maharage tulishavuna. Kila mtu alikaa kwenye tuta, miguu kwenye shimo, wakawa wamepangana mpaka juu kilimani na kila mmoja anaona. Asteria akapita na ungo wa karatasi za mihogo, mimi na mkate wa ndizi. Goli letu lilipoingia watu waliruka na hakikumwagika kitu. Mzee wa kofia aliruka pia, kofia safi. Vijana wa Ngaka waliposhinda walipanda uani na kombe lao, wakaniomba niwajazie mihogo humo ndani, nikawajazia. Ugali wa mama mkwe walikula wao, wakaumaliza, akawasamehe kombe.

Sasa ulilotaka kujua. Cuthbert alifika goli letu likiwa limeshaingia, na beseni jekundu kichwani. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kumwona. Akampokea kwa mikono miwili, akapiga goti, kama ulivyoandika. Nikajificha nyuma ya mlango wa jiko nione atafanya nini. Akachagua karatasi kubwa, akaijaza usipa mpaka juu, akaenda moja kwa moja akampa Cuthbert. Kisha akalibeba beseni lote akaliweka mbele ya Cuthbert. Yeye peke yake, mtu wa ziwani peke yake uani kwetu.

Bibi, mlango wa jiko niliuacha wazi. Nikatoka nikamuuliza mbele ya Asteria, kwa nini anampa Cuthbert, wakati Cuthbert ndiye aliyeubeba na ndiye anayeuuza kila siku.

Akanishangaa. Akasema, "Kitu kizuri anapewa mgeni. Siku ya harusi yako usipa ule ndio uliokuwa mzuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, ndiyo maana niliwapelekea wao wote. Mimi mwenyewe niliutamani, sikuonja hata mmoja."

Nikamweleza ulivyouona wewe ulipoletwa kwenye benchi. Aliketi chini palepale alipokuwa. Ngaka wakasawazisha, uwanja mzima ukapiga kelele, sisi hatukugeuka. Mwishowe akaniuliza, "Kwa hiyo miaka miwili yote mama yule anajua nilimrudishia zawadi yake?" Nikasema ndiyo. Akaniambia yeye alijua mmeondoka kabla ya keki kwa sababu mlidharau ugali wa mahindi. Alikuwa ameona sahani yako haikuguswa.

Kisha akanyoosha mkono, akachukua usipa mmoja kwenye karatasi ya Cuthbert. Akautazama macho, nao ukamtazama. Akaula na kichwa. Akachukua mwingine. Penalti zilipoanza alikuwa bado anakula, na Asteria ikabidi ampokonye ili na wengine waonje. Waliokula ni wengi, siwezi kuwataja wote, ila huwezi kusema tena kwamba watu wa huku hawali usipa.

Jioni niliona ameliosha beseni jekundu na kuliweka juu ya kabati, karibu na la bluu, na kitambaa chake. Nikamwambia, Mama, sasa unafungua duka. Ndipo akaniambia. Beseni lililokuja na chakula hawezi kulirudisha likiwa tupu, na la harusi hawezi kulituma kwa mtu wa njiani, lazima alitie mkononi mwa mwenyewe. Alikuwa anasubiri uje ulichukue. Kila mavuno alikuwa anatenga maharage ya kulijaza, na kila mwaka tunakuja kuyala wenyewe mwezi wa tatu.

Nilimwambia habari za magoti yako. Jana ameniuliza gari la Ngumbo linaondoka Mbinga siku gani. Nimemuuliza kwa nini, akakumbuka kazi ya nje.

Mjukuu wako,
Herieth

*

Ngumbo,
14 Septemba 2025

Mke mwenzangu Herieth,

Marahaba, mara mbili. Vifaranga wamebaki saba, kwaya inajiandaa kwa mavuno, upepo umetulia. Mwambie mume wetu kwamba hata babu yako aliwahi kumkosa samaki aliyekuwa tayari ndani ya mtumbwi, na nilimwoa hivyohivyo. Ndiyo, nasema nilimwoa, maana bila mimi asingeoa.

Mama mkwe wako alikuja Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nafagia, nikaona mwanamke anashuka kwenye gari na koti la baridi kwenye jua letu hili, mabeseni mawili, moja kichwani na moja kiunoni, vitambaa vyeupe juu. Kondakta alitaka kumsaidia akamkatalia. La bluu lilikuwa na maharage, jekundu lilikuwa na kahawa mliyokaanga na kusaga. Akayatia mikononi mwangu moja baada ya jingine, akasema shikamoo, wakati tunalingana umri kabisa na anajua. Nikaitikia. Mtu amebeba mabeseni kutoka Maguu, utabishana naye umri?

Alitazama ziwa muda mrefu. Akauliza kama maji hayo hayawezi kupanda usiku. Nikamwambia yanapanda, ila yakimwona mtu amevaa koti yanarudi. Ndipo akalivua.

Sasa nikuambie lililonipata, na ukicheka cheka huko huko. Mwezi ulikuwa mpevu. Unajua mwezi ukiwa mkubwa usipa haupatikani, taa za karabai haziuvuti. Nilizunguka pwani nzima, nikaenda mpaka kwa Rosina anayeanika samaki, hakuna hata wa jana. Mgeni wangu yuko barazani, nyumba haina samaki, ina unga wa muhogo na majani ya kunde. Nitampa nini mtu huyu? Nikaangalia jikoni, nikaona kitu kizuri kuliko vyote kilichokuwa humo ndani. Nikakipika kwa kitunguu na nyanya, nikatoa sahani yangu nzuri, nikajaza, nikaenda nayo mpaka mbele yake, nikapiga goti na magoti yangu haya.

Akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikamwambia, pole mama, nini. Akawa ananyoosha kidole tu kwenye sahani.

Herieth, nilikuwa nimempelekea maharage yake.

Yote. Sikujiachia hata kijiko.

Tulicheka mpaka Padri Aidan aliyekuwa anapita akaingia kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza. Kisha nikaleta kijiko cha pili, tukala sahani moja, na ugali wa muhogo, yeye akisema unateleza, mimi nikisema maharage yamepungua chumvi. Yalikuwa matamu sana. Hilo usimwambie, nilimwambia mwenyewe wakati anaondoka, nikiwa nimemshika mkono, na sikulisema kwa utani.

Nilimbakiza hadi Jumatano, mwezi uanze kuchelewa kutoka. Usipa ukapatikana. Siku ya kuondoka nikamchomea kwa chumvi na ndimu, nikajaza beseni la bluu mpaka pomoni, nikafunika na kitambaa chake. Akakataa, akasema beseni limesharudi kwa mwenyewe, hawezi kuondoka nalo tena. Nikamwambia mgeni wangu haondoki mikono mitupu, na mfuko wa plastiki mimi sina. Tulivutana mlangoni mwa gari mpaka dereva akapiga honi. Alipanda nalo.

Kwa hiyo beseni langu la bluu liko tena Maguu, juu ya kabati la watu. Magoti yamepata nafuu kidogo. Mwambie mama mkwe wako asimpe Cuthbert, wala asilitoe nje kwa mkono wa mtu yeyote. Krismasi nakuja kulichukua mwenyewe.

Bibi yako,
Winifrida